Mjomba anataka nisome mafuta na gesi, mimi nataka astronomia. Nishaurini

Binti_Newala:
Wakuu, shikamooni. Nimemaliza kidato cha sita PCM, nimepata daraja la kwanza. Anayenisomesha ni mjomba, kwa pesa ya korosho, na huku kwetu mnajua neno la mjomba lilivyo. Anasema nijaze uhandisi wa mafuta na gesi kwa kuwa gesi ya Msimbati iko mlangoni. Mimi nataka kuchunguza angahewa za sayari zinazozunguka nyota nyingine. Dirisha la udahili liko wazi. Nijaze kozi gani? Na mjomba akiuliza nitakula wapi, nimjibu nini?

Mbaazi_Nazi:
Dada, sayari hazina posho. Jaza ualimu, tupunguze uhaba wa walimu wa fizikia huku kusini 😂

Fundi_Chikongola:
Mimi nilisoma hiyo mafuta na gesi, kipindi bomba la Mtwara kwenda Dar linajengwa na kila mtu anakimbilia huko. Leo nauza mabati. Wenzangu wachache wamepata kazi, kwa hiyo sisemi kozi ni mbaya. Ila mjomba asidhani kuwa na kisima jirani ndiyo kuajiriwa.

Mwalimu_Masasi:
Binti, usitafute shahada yenye jina la astronomia kwa sasa. Jaza fizikia, UDSM au UDOM, hisabati usiiache, na ujifunze kuandika programu kwa Python tangu mwaka wa kwanza. Hapo ndipo wengi wanapokwama: wanadhani kazi hii ni kukesha na darubini, kumbe ni kushinda na kompyuta ukisafisha data. Data nyingi za darubini ya James Webb, iliyorushwa Desemba 2021, huwekwa wazi baada ya mwaka mmoja au hata mapema zaidi. Mtu aliye Newala anazipakua bure, bando likimruhusu.

Baada ya hapo kuna NASSP, Cape Town, mpango wa uzamili wa astrofizikia unaopokea pia vijana wa nchi nyingine za Afrika. Kisha uzamivu.

Kuhusu kula, usimdanganye mzee. Nafasi za kudumu ni chache dunia nzima. Ukimaliza uzamivu unaweza kuhama nchi hadi nchi kwa mikataba ya miaka miwili, mitatu. Lakini anayejua takwimu na programu kwa kiwango hicho hata benki zinamtaka.

Binti_Newala:
Asante sana mwalimu. Mjomba ameuliza: hewa ya huko wanaijuaje na hakuna aliyefika?

Mwalimu_Masasi:
Swali zuri kuliko ya wanafunzi wangu. Sayari ikipita mbele ya nyota yake, sehemu ndogo ya mwanga wa nyota hupenya kwenye hewa ya sayari ndipo uje kwetu. Kila gesi hufyonza rangi zake, nyingi zikiwa za infraredi ambazo jicho halizioni. Ukipima rangi zilizopungua, unaijua gesi. Darubini ya Hubble ilipata sodiamu namna hiyo kwenye sayari iitwayo HD 209458 b, matokeo yakatoka 2002. Webb ikapata kaboni dayoksaidi kwenye sayari nyingine, WASP-39 b, mwaka 2022.

Na hii mwambie taratibu: 2023 wanasayansi walitangaza methani kwenye sayari ya K2-18 b, umbali wa miaka ya nuru kama 124, yaani mwanga wake husafiri miaka hiyo yote kutufikia. Gesi ya Msimbati nayo sehemu yake kubwa ni methani hiyohiyo. Kwa hiyo hujamkimbia kabisa.

Fundi_Chikongola:
Hapo mwalimu umemaliza kesi 😂

Mbaazi_Nazi:
Kwa hiyo huko kuna viumbe?

Mwalimu_Masasi:
Methani peke yake haithibitishi uhai. Hata miamba na maji ya moto huweza kuitengeneza. Kuhusu K2-18 b wenyewe bado wanabishana, hasa juu ya gesi nyingine inayodaiwa kuwepo.

Binti_Newala:
Nimemsomea uzi wote. Kwenye ajira alikaa kimya, kwenye methani akacheka. Sasa anauliza nauli ya Cape Town nani analipa.

Mwalimu_Masasi:
Mwambie hiyo ni baada ya shahada ya kwanza, na ufadhili huwa unaombwa. Kwa sasa alipe ada ya maombi, dirisha lisije likafungwa.