Mrejesho: friji iliyokuwa ikikwaruza usiku

Juzi niliuliza kwa nini friji yangu hapa Kondele inakwaruza usiku kucha na haipoi vizuri. Wengi mlisema kompresa (pampu ya gesi inayopoza friji) imekufa. Wapi! Aliyeniambia nifungue mlango nisikilize ndiye aliyepatia: kelele ilikata papo hapo, maana kwenye friji kama yangu feni ya ndani huzima mlango ukifunguka.

Nikachomoa plagi, nikaacha milango wazi siku nzima (samaki aina ya ngege wa friza tulikula na majirani). Barafu ilikuwa imefika kwenye mapanga ya feni. Chanzo? Punje moja ya minji, imeziba tundu la kutolea maji ya barafu inayoyeyuka, yakakosa pa kutokea yakaganda! Nimeizibua kwa maji vuguvugu. Sasa inanguruma taratibu, na maziwa yanakaa.