Magazini ya risasi 25 kwenye bunduki ya .22 ya kuwindia gofa: Kanada wana hoja, au sheria inamtegea mtu tu?

Wakuu salama? Naileta hii tuijadili kistaarabu, maana nikiwauliza jamaa wa kazini kila mtu anakuja na siasa za chama chake.

Nipo Alberta, Kanada, mwaka wa sita sasa, kozi ya silaha nimefanya, leseni ninayo, na nina kabunduki kamoja tu, Ruger 10/22, semi-otomatiki ya .22, yaani inajipakia risasi inayofuata yenyewe kila ukifyatua. Kwa wasiojua, hiyo ni risasi ndogo, nyembamba kuliko kalamu ya Bic, ni ya rimfaya, yaani pini inagonga ukingo wa kitako cha risasi na sio katikati kama zile kubwa. Huku watu wanaitumia kwa sungura, kwa shabaha, na kwa gofa, kale kamnyama kama kindi kanakotoboa malisho mpaka ng'ombe anatumbukiza mguu.

Basi mwezi wa nne nilialikwa shambani kwa mzee mmoja wa kizungu, tumelala kifudifudi kwenye turubai, upepo bado una barafu ndani yake, magazini yangu inachukua 10 tu (kale kadude keusi ka kubebea risasi kanakozama chote kwenye tumbo la bunduki) na kila ikiisha naanza kuchomeka risasi moja moja na vidole vimekufa ganzi, mbili zinaingia moja inaangukia kwenye nyasi. Mzee akanionea huruma, akaenda kwenye boksi lake la spana akarudi na magazini ndefu imepinda kama ndizi, inameza 25. Akaniambia chukua kijana, ya rimfaya haina kikomo. Nikamshukuru nikamwambia ngoja kwanza nisome, nitakuja kuichukua.

Nimesoma. Mzee yuko sahihi nusu, na nusu nyingine ndiyo inayofunga watu. Semi-otomatiki za risasi kubwa mwisho ni 5. Bastola mwisho 10. Bunduki ndefu za rimfaya kweli hazina kikomo, ila magazini ikihesabika imetengenezwa kwa ajili ya bastola pia basi inarudi kwenye 10. Sasa Ruger walishatoa bastola inaitwa Charger inayokula magazini ileile ya 10/22, na mwaka 2016 RCMP, ndio polisi wa taifa huku, wakasema magazini yoyote ya hiyo bunduki inayozidi 10 ni kifaa kilichopigwa marufuku. Hujawahi hata kuiona Charger kwa macho lakini kiplastiki ulichonunua dukani kwa risiti kimeshageuka kosa la jinai kikiwa kabatini.

Halafu mzee huyohuyo ana bunduki nyingine, Marlin 60, inabeba 14 kwenye tyubu chini ya mtutu. Risasi ileile, kasi ileile, halali kabisa. Na tangu 21 Oktoba 2022 raia wa kawaida haruhusiwi tena kununua bastola Kanada, kwa hiyo magazini yangu inahukumiwa kwa ajili ya bastola ambayo mwenyewe nikiitaka siuziwi!

Mimi sio wa kundi la bunduki ziachiwe tu. Wakitaka 10 kwa rimfaya zote waandike 10, tyubu, ndizi, chochote, hata mzee asiyesoma matangazo ya polisi aelewe. Karibuni.

Binti Ujiji: Kaka mimi nipo Montreal na hapa hili jambo halizungumzwi kirahisi hivyo. Tarehe 6 Desemba 1989 mtu aliingia chuo cha uhandisi cha Polytechnique akaua wanawake 14, wengi wanafunzi, kwa sababu tu ni wanawake. Alikuwa na semi-otomatiki ya risasi kubwa, Ruger Mini-14. Hivyo vikomo vya 5 na 10 unavyovisema vilikuja na sheria ya 1991, baada ya hapo. Kila mwaka tarehe hiyo wanawasha miali 14 ya taa kule mlimani, mimi huwa naiona nikitoka zamu. Najua Mini-14 sio .22, usinirukie. Ila ukiniambia vidole vyako viliganda wakati wa kujaza, nakuambia hizo sekunde za kujaza ndizo mtu mwingine anazitumia kukimbilia mlangoni.

Mkata Mbuga: Dada pole, hilo halina ubishi. Lakini msikiti wa Quebec Januari 2017 wameuawa waumini 6 na yule muuaji alitumia bastola ya 9mm yenye magazini za 10, hizohizo za kisheria, bunduki ndefu aliyokuja nayo ilikwama mwanzoni kabisa. Alibadilisha magazini akaendelea. Kikomo kilisaidia nini?

Binti Ujiji: Kilisaidia asiwe na 30 kila mara. Azzeddine Soufiane, muumini mmoja mle msikitini, alimvamia mikono mitupu wakaanza kukabana, akauawa. Unataka huyo baba angekuwa anamvamia mtu mwenye magazini ya kiasi gani?

Mkata Mbuga: Haya hapo umenishika. Bado nasema gofa sio binadamu na .22 sio 9mm.

Binti Ujiji: .22 inaua mtu vizuri tu. Muulize aliyekufundisha kozi.

Mzee Gobore: Nawasoma kutoka Songea nacheka peke yangu. Babu yangu alikuwa na gobore, unamimina baruti, unashindilia, unapiga MOJA, ukikosa nguruwe pori ni wewe na mti. Na nyama tulikula. Nyinyi na 10 mnalia vidole baridi, si mvae glavu.

Mleta mada: Mzee wangu shikamoo 😂 glavu nilivaa, risasi za .22 hazishikiki na glavu.

Fundi Ribiti: Tuache utani kidogo, mleta mada anaweza kuozea ndani. Mambo mawili. Kwanza RCMP hawatungi sheria, wanaitafsiri tu, mwenye neno la mwisho ni jaji, ila mpaka umfikie jaji ushalipa wakili pesa ya gari, kwa hiyo kivitendo tafsiri yao ndiyo sheria yako. Pili usije ukasikia mtu anakuambia nunua magazini ndefu iliyopigwa ribiti, yaani kipini cha kuizuia isipokee zaidi ya 10, halafu ng'oa ribiti nyumbani. Tangu sheria ya silaha ya C-21 ipite Desemba 2023, kuibadilisha magazini iongezeke kupita kiwango ni kosa la peke yake, hadi miaka 5. Na hiyo ya mzee usiipakie kwenye gari lako hata kama unaipeleka polisi kwa nia njema, ukisimamishwa njiani ni wewe uliyekamatwa nayo. Yeye mwenyewe apige simu polisi, ile namba isiyo ya dharura, awaambie anayo na anataka kuisalimisha, wao watamwelekeza.

Mkata Mbuga: Yaani mtu kanunua kwa risiti 2012 leo ajisalimishe kama mwizi wa kuku.

Fundi Ribiti: Anasalimisha magazini, hajisalimishi yeye. Tofauti ni hiyo simu anaipiga kabla ya kukutwa nayo.

Binti Ujiji: Na mimi nimeelewa sasa hoja ya mleta mada. Kama ni 10 iwe 10 kwa zote na hiyo tyubu ya 14 ikiwemo. Mngekubali?

Mleta mada: Mimi ningekubali kesho. Wenye Marlin watapiga kelele, maana ile tyubu imeungwa kwenye bunduki yenyewe, kuipunguza sio kuweka ribiti tu, ni kazi ya fundi, na nani atalipa. Lakini angalau ugomvi ungekuwa juu ya namba na sio juu ya bastola ambayo hakuna mtu shambani anayo.

Nimempigia mzee jioni hii nikamweleza yote. Alinyamaza muda mrefu nikadhani simu imekata, baadaye akasema aliinunua dukani pamoja na mbegu na dawa ya kupe siku moja. Atawapigia Jumatatu. Akaniuliza na ile Marlin je, nayo airudishe? Nikamwambia hapana mzee, hiyo weka.