Mjadala: Je, mchungaji alazimishwe kuwa na cheti cha Biblia kabla ya kufungua kanisa?

Fundi Cherehani, Kongowea (mwenye mada)

Ndugu zangu, naileta mada hii nikiwa na moyo mzito, na naomba tujadiliane kwa heshima.

Tangu Aprili 2023, miili ilipoanza kufukuliwa msituni Shakahola, kaunti ya Kilifi, hadi ikapita 400, pwani nzima tunaulizana: watu waliambiwaje wafunge mpaka wafe ili wakutane na Yesu, nao wakakubali? Mwaka 2025 miili mingine ikafukuliwa Kwa Binzaro, kaunti hiyohiyo. Serikali iliunda jopo chini ya Mchungaji Mutava Musyimi, ripoti ikatolewa 2024, na wengi sasa wanataka anayeongoza kanisa awe amesomea Biblia na aonyeshe cheti. Si wazo jipya. Mapema 2016 Mwanasheria Mkuu alileta kanuni zenye sharti kama hilo, makanisa yakazipinga, zikaondolewa.

Mimi cheti sikipingi. Ninachokataa ni kudhani kwamba cheti cha mhubiri kitamlinda msikilizaji. Niwaeleze kwa nini.

Mama yangu ana presha. Dada yangu mkubwa ndiye aliyekuwa akimnunulia dawa kila mwezi. Mwaka jana dada alihamia kanisa moja, jina naliacha, akafundishwa kwamba baraka zake zimefungwa mpaka apande mbegu kubwa. Akapanda shilingi 6,000, na ndani yake mlikuwa na pesa za dawa za mama. Mama hakusema kitu. Nilikwenda kumpima gauni la Pasaka nikaona miguu imevimba, nikainama kuitazama, na chini ya kitanda nikaona wembe wangu wa kufumulia nyuzi, ule niliokuwa nimeutafuta wiki nzima. Alikuwa akivikata vidonge nusu nusu ili pakiti ifike mwisho wa mwezi. Unga mweupe ulikuwa bado kwenye makali.

Na mhubiri yule cheti anacho. Kimetundikwa ofisini kwake, nimekiona.

Andiko alilopewa dada ni Malaki 3:10, "Leteni zaka kamili ghalani." Hakuna aliyemsomea aya ya 5 ya mlango huohuo, ambapo Mungu anasema atawashuhudia wanaomdhulumu mwajiriwa mshahara wake, na mjane, na yatima. Mama yangu ni mjane. Aya tano tu! Mtu angemsomea mlango mzima, huenda mama asingeugusa wembe.

Haya, karibuni.

Waya, Changamwe

Fundi, pole sana. Msalimie mama. Ila kwenye hoja hatuko pamoja.

Mimi ni fundi umeme. Siwezi kuunganisha nyumba ya mtu mpaka nifanye mtihani nipewe leseni ya EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia mambo ya nishati. Dereva wa matatu ana leseni. Iweje mtu aote ndoto usiku, asubuhi akodishe ukumbi, anunue spika mbili, aanze kuwaambia watu waache dawa, na asiwepo wa kumuuliza? Rwanda mwaka 2018 walipitisha sheria kwamba kiongozi wa kanisa awe na shahada ya theolojia, na waliokuwepo wakapewa miaka mitano wakasome. Nao ni watu wanaompenda Mungu kama sisi.

Unasema huyo wenu ana cheti na bado amekula pesa za dawa. Sawa, hata fundi mwenye leseni anaweza kuiba waya. Lakini mwenye leseni ana mahali pa kushtakiwa. Dada yako angemshtaki wapi huyo?

Mama Samaki, Likoni

Wanangu, nipeni nafasi nami niseme.

Mchungaji wetu ni fundi wa mashua. Shule aliachia darasa la sita. Mume wangu alipofariki, yeye ndiye aliyevuka nami feri usiku, akakaa nami mochari mpaka asubuhi, na kesho yake akarudi kazini kwake kupiga kalafati. Mahubiri yake mafupi. Sijawahi kumsikia akitaja pesa kabla ya kutaja wagonjwa.

Sheria hiyo ikija, atakayefungiwa ni huyu mwenye kanisa la mabati. Yule mwenye spika na gari kubwa atanunua cheti bandia River Road, Nairobi, aendelee. Matendo 4:13 inasema wakuu walistaajabu kuona Petro na Yohana ni watu wasio na elimu, wakawatambua kuwa walikuwa pamoja na Yesu. Hicho ndicho cheti ninachokijua mimi. Na hilo huonekana, wanangu. Mtu aliyekaa na Yesu huonekana.

Katekista, Makupa

Shikamoo Mama. Nakubaliana nawe nusu. Petro hakusoma kwa marabi, kweli, lakini alikuwa na mwalimu. Marko 4:34 inasema Yesu aliwaeleza wanafunzi wake mambo yote faraghani. Walikuwa wakimuuliza: huu mfano maana yake nini? Akiwaeleza, na wasipoelewa, akiwakemea, na kesho wakimuuliza tena. Kama mchungaji wenu anaulizwa na anajibu, anakipita chuo kikuu.

Sisi Wakatoliki padri husoma miaka mingi, falsafa na theolojia, na bado nasimama mbele ya jumuiya yangu nikiuliza somo la Jumapili lilihusu nini, watu wanatazamana. Kwa hiyo, kaka Waya, hata tukiwasomesha wahubiri wote wa Mombasa, kazi haijaguswa.

Kijana wa Bamburi

Niwape mfano kutoka kwenye simu yangu. Nina programu ya Biblia inayoniletea aya moja kila asubuhi. Yeremia 29:11 nimeletewa mara nyingi mno: mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho. Nilipokuwa natafuta kazi bandarini niliiweka hata kwenye picha ya wasifu. Nikiamini Mungu ananiambia mimi, mwezi huu.

Siku moja, nikiwa kwenye foleni ya mahojiano, nikaanza mlango tangu aya ya kwanza. Kumbe ni barua. Yeremia anawaandikia watu waliohamishwa kwa nguvu kwenda Babeli, na aya ya 10 inawaambia watakaa huko miaka 70. Wengi waliosomewa barua ile walikufa kabla ya kurudi. Aya ya 7 inawaambia wautakie amani mji waliopelekwa utumwani. Na aya ya 8 inawaambia wasikubali kudanganywa na manabii waliomo kati yao! Aya ambayo manabii wetu wanatuuzia iko aya tatu tu baada ya onyo juu ya manabii.

Kazi sikupata siku ile. Lakini ahadi niliyobaki nayo ni nzito kuliko ile ya kwanza. Mungu aliyewaahidi watu watakaokaa ugenini miaka 70, huyo naweza kumngoja.

Waya, Changamwe

Kijana, umesoma vizuri. Lakini wewe una kichwa cha kusoma. Mnaposema kila mtu ajisomee, mnasahau kwamba Shakahola nao walikuwa na Biblia. Waliokwenda msituni hawakuwa wote watu wasiojua kusoma, wengine walikuwa na kazi nzuri. Walisoma, wakafunuliwa Shetani yuko hospitali na shuleni. 2 Petro 1:20 inatuambia hakuna unabii katika maandiko upatao kufasiriwa kama apendavyo mtu fulani tu. Mnataka kila nyumba Mombasa iwe na tafsiri yake?

Fundi Cherehani, Kongowea

Waya, hapo umenipiga, na sitakwepa. Sikusema kila mtu ajisomee peke yake chumbani. Nikionekana kusema hivyo, nimekosea kusema. Msituni walikuwa na Biblia, lakini nani aliruhusiwa kuuliza? Mtu mmoja alisema, wengine wakaitikia. Biblia iliyofungwa na Biblia isiyoulizwa, kwangu naona ni kitu kimoja. Waberoya katika Matendo 17:11 walimsikiliza Paulo mwenyewe, mtume aliyesomeshwa miguuni pa Gamalieli, na bado waliyachunguza maandiko kila siku waone kama mambo hayo ndivyo yalivyo. Wakasifiwa kwa hilo. Hakuna aliyewaambia wamemgusa mtumishi wa Bwana.

Mwalimu Mstaafu, Rabai

Nimekaa nikiwasoma. Mimi nimezaliwa Rabai, karibu na pale wamisionari Krapf na Rebmann walipoanzisha kituo mwaka 1846. Watu hupenda kuwataja hao wawili. Mimi nitawatajia William Jones.

Jones alikuwa mtoto aliyeokolewa kutoka utumwani, akalelewa na kusomeshwa Nashik, India. Alirudi Afrika mwaka 1864, akawa mwalimu wa dini huku kwetu. Aliwekewa mikono na Askofu Hannington mwaka 1885, pamoja na mwenzake Ishmael Semler. Hesabuni wenyewe: miaka 21. Kabla ya kuwekewa mikono alikuwa akifundisha, na waliomsikiliza wakimtazama anavyoishi. Mwaka huohuo aliandamana na Hannington safari ya Uganda, askofu akauawa Busoga, na Jones ndiye aliyewarudisha Rabai wapagazi waliosalia.

Ninachotaka kusema, ndugu Waya, ni kwamba elimu ilikuwapo na uchunguzi ulikuwapo. Lakini waliomchunguza ni watu waliokula naye. Leo mtu anahama kaunti, anajiita mtume, na hakuna hata mmoja mtaani anayejua alivyomtendea mkewe alikotoka. Ofisi ya Nairobi haitajua hilo. Watu wa alikotoka wanalijua. Mngeniuliza mimi, ningetaka kila mhubiri aonyeshe kanisa lililomlea na wazee waliomtuma. Cheti kije baadaye.

Na neno moja kwa Fundi. Kwenye ile Biblia ya 1952, Filipo anamkuta towashi wa Kushi garini akisoma chuo cha nabii Isaya, anamwuliza, "Je! Yamekuelea haya unayosoma?" Sisi wa pwani tunalijua neno hilo. Jambo limekuelea, yaani limekujia juu, unaliona lote. Towashi hakuona haya. Alijibu, nitawezaje, mtu asiponiongoza? Akampandisha Filipo, wakaketi pamoja. Kiti kile kimoja cha watu wawili ndicho tulichokikosa.

Jirani, Kibokoni

Mimi ni Muislamu, naomba radhi kuingia. Kwetu mtoto hukaa chuoni mbele ya mwalimu wake, akikosea anarudishwa, na mwalimu naye anajulikana alisoma kwa nani. Hilo la Mwalimu wa Rabai nimelielewa vizuri. La serikali, kuweni na tahadhari. Kifungu cha 32 cha Katiba kinatulinda sote, na mkono unaokagua mimbari moja hukagua zote. Mungu amponye mama yako, Fundi.

Mama Samaki, Likoni

Amina, mwanangu wa Kibokoni.

Fundi, hukutuambia. Dada yako ulimfanyaje? Mlikosana?

Fundi Cherehani, Kongowea

Mama, nilitaka kukosana naye. Nilikuwa nimeshapanga maneno. Mama ndiye aliyenizuia, akaniambia, "Usimpige dada yako na Biblia. Soma naye."

Jumapili jioni tukaketi watatu kibarazani kwa mama. Sikumchagulia Malaki. Nilisema tusome Marko, kila mtu aya zake, tusimame panapotukwama. Dada akaangukiwa na mlango wa 7, aya ya 9 mpaka 13. Akasoma kwa sauti yake ya kwaya, ile nzuri. Yesu anawaambia Mafarisayo kwamba Musa aliamuru mheshimu baba yako na mama yako, lakini wao wamemruhusu mtu kumwambia mzazi: kile ambacho kingekufaa kutoka kwangu ni Korbani, nimeshakiweka wakfu kwa Mungu. Na hapo hawamwachi tena kumtendea mzazi neno lolote. Wanalitangua neno la Mungu kwa mapokeo yao.

Alipofika "Korbani" akanyamaza. Kuna mtu Mombasa asiyejua maana ya wakfu? Akarudi juu, akasoma tena polepole, kidole kwenye mstari. Kisha akauliza, "Hii imekuwa hapa siku zote?" Hakuna aliyemjibu. Mama alikuwa akichambua mchicha, akaendelea kuchambua.

Siku ya tatu dada alileta dawa, za miezi miwili.

Lakini kanisa hajahama, na hili ndilo linaloniuma. Alikwenda kuuliza kuhusu Marko 7 kwa adabu kabisa, akajibiwa, "Msiwaguse masihi wangu." Akarudi kwangu akitetemeka. Tukaifungua Zaburi 105, tukasoma tangu juu. Pale wanaolindwa ni Ibrahimu, Isaka na Yakobo, watu wachache, wageni, wakitangatanga kutoka taifa hata taifa, na wanaoonywa ni wafalme. Aya iliyowakinga wanyonge wasionewe na wakubwa, imegeuzwa kumkinga mkubwa asiulizwe na mama wa watoto watatu anayeuza mahamri.

Kwa hiyo, Waya, nikubaliane nawe hapa: mahali pa kushtaki pawepo, hasa mtu anapoambiwa aache dawa au asimtunze mzazi. Hapo serikali iingie, maana hayo ni maisha ya mtu. Cheti nakiacha kwa Mwalimu wa Rabai.

Waya, Changamwe

Hapo tunaweza kuzungumza. Bado nataka cheti, usidhani umenimaliza. Lakini hiyo Marko 7 sijawahi kuisikia ikihubiriwa, na nimekaa kanisani miaka 30. Mmefika mlango wa ngapi?

Fundi Cherehani, Kongowea

Jumapili hii ni mlango wa 8, pale anapouliza, "Ninyi mwaninena mimi kuwa ni nani?" Saa kumi na moja jioni, kwa mama, nyuma ya soko. Mama Samaki, ukivuka na feri ya saa kumi utawahi.

Mama Samaki, Likoni

Nitakuja na mchungaji wangu. Ana maswali yake mwenyewe kuhusu yule kipofu wa Bethsaida, aliyeona watu kama miti kabla ya kuona sawasawa.