Tanki la lita 2,000: sikilidi gani wa Afrika watapendeza zaidi?

Mwanamaji
Wakuu habari zenu. Nina tanki la vioo, urefu mita 3, upana senti 90, kimo senti 75, yaani kama lita 2,000 hivi. Filta zinazunguka tayari na amonia, ile sumu ya kwenye maji, imeshuka mpaka sifuri. Litakaa ukumbini watu wanapopita muda wote kwahiyo nataka samaki ambao mtu akiwaona kwa mbali anasimama. Nimeshaamua ni sikilidi wa Afrika, wale samaki wa rangi wa maziwa yetu makubwa, ila nikiangalia picha nawataka wote, wa bluu, wa njano, mbuna wa kwenye mawe ya Nyasa, frontosa wa Tanganyika na nundu zao kichwani. Naweza kuwachanganya? Na niweke wangapi?

Mzee wa Tanki
Hongera mkuu, hilo ni tanki la maana. Chagua ziwa kwanza ndio uje kwenye rangi. Kwa rangi tupu mimi naenda Ziwa Nyasa bila kufikiria mara mbili, ila mbuna waache. Ni wazuri sana lakini wengi wao wanakula mwani unaoota kwenye mawe, ukiwapa chakula kizito cha wale wala nyama wanavimba matumbo na kufa, halafu wana fujo, watawachosha Aulonocara, sikilidi wengine wa Nyasa ambao ni wapole.

Weka madume matupu. Majike wa Aulonocara na wa wale samaki wakubwa wa Nyasa karibu wote ni kijivu, rangi iko kwa madume, na jike mmoja akiingia tu madume wanaanza kuumizana, tena Aulonocara wa aina tofauti wanazaliana wao kwa wao unabaki na watoto usiojua ni kina nani.

Sasa hapa ndio pa kushika: usiweke wawili wanaofanana. Ukishaweka Sciaenochromis fryeri mmoja, ile bluu ya umeme, usiongeze mwingine wa bluu tupu mwenye umbo kama lake. Watapigana, na atakayeshindwa rangi inazimika kabisa, utamkuta juu kwenye kona nyuma ya hita, mapezi ameyabana, kijivu kama jike. Watu wananunua rangi ishirini wanaishia kuona tano kwa sababu hiyo. Changanya maumbo: Cyrtocara moorii mwenye nundu, Copadichromis borleyi mwenye mapezi marefu, Nimbochromis venustus wa njano na mabaka, Aulonocara wekundu na wa njano. Na Nimbochromis livingstonii usimwache, sio wa rangi kali lakini analala ubavu mchangani na mabaka yake kama samaki anayeoza, visamaki vikisogea kudonoa anavinyaka. Watu watasimama kwa huyo.

Idadi, kwa lita hizo madume 30 mpaka 35 inatosha, ugomvi unagawanyika hakuna mmoja anayeandamwa peke yake.

Mama Frontosa
Mimi napingana kidogo na Mzee. Tanki refu hivyo likijaa samaki wa kila rangi jicho halijui litulie wapi. Kundi la frontosa 12 wa Tanganyika, wale wa bluu wa upande wa kusini wa ziwa, wakitembea pamoja taratibu na mistari yao myeusi, hiyo ndio ya kusimamisha mtu. Na kwao jike na dume rangi ni ileile kwahiyo huhitaji kuogopa majike, weka dume mmoja au wawili wengine majike. Dume anafika senti 30. Ila usiwachanganye na wa Nyasa, wao hawana haraka, wakati wa kula wananyang'anywa chakula. Wala usiwawekee Cyprichromis wadogo, huko ziwani ndio mlo wao.

Fundi Filta
Sina ugomvi na yeyote hapo juu, mimi naongelea chini. Maji peke yake ni tani 2, bado vioo, mawe na stendi, hakikisha sakafu inabeba. Mawe makubwa yakae juu ya kioo cha chini kabisa, mchanga umwage baadaye, hawa wanachimba usiku kucha na jiwe lililokaa juu ya mchanga litaanguka. Mchanga mweupe sana unafifisha rangi. pH (kipimo cha uchachu wa maji) kati ya 7.8 na 8.6, joto 25 hivi, maji badilisha robo kila wiki.

Mwanamaji
Asanteni sana, nimeangukia kwa Mzee, madume wa Nyasa. Nimeona wadogo wa senti 4 tayari wana rangi kali, niwachukue hao?

Mzee wa Tanki
Hapana mkuu waache. Samaki hawa wakiwa wadogo hivyo kwa kawaida ni kijivu, ukikuta wa senti 4 anawaka ujue inawezekana kapewa homoni na rangi hiyo itaondoka. Chukua wa senti 8 kwenda juu wanaoanza kujionyesha wenyewe, lipia zaidi hakuna shida. Anza na Aulonocara, wakishazoea ndio uingize venustus na wababe wengine, na siku ya kuwaingiza hamisha mawe machache ili kila mtu atafute kwake upya.