Msitu wa Amani haujapona, acheni kutudanganya

Ndugu wanajukwaa, nimechoka. Kila kikao hapa Muheza tunaambiwa kwamba msitu wa Amani "umejirudi", kwa kuwa ukiutazama kutoka barabarani unaona kijani mlima mzima. Juzi afisa mmoja aliyarudia maneno hayo mbele ya wazee walioujua msitu kabla ya chenso kuingia, na wala hawakupewa nafasi ya kumjibu. Basi namjibu mimi.

Katika miaka ya 1970 na 1980 milima hii ya Usambara Mashariki ilivunwa kwa mitambo, tena kwa fedha za msaada kutoka Ufini. Mitambara na minyasa, miti mikubwa ya asili ya huku, iliangushwa, matrekta yakaburuza magogo miteremkoni, na palipobaki uwazi pakaota mesopsisi, mti ambao asili yake si milima hii na ambao ndege aina ya hondohondo hula matunda yake na kuzisambaza mbegu hadi ndani ya msitu usioguswa. Hicho ndicho kijani anachojivunia afisa wetu!

Aingie chini ya mesopsisi wakati wa kiangazi ajionee. Majani hupukutika, yakaoza upesi, na udongo ukabaki uchi ukipigwa na jua. Asogee kidogo tu hadi chini ya mtambara wa zamani: mguu unazama katika majani yaliyolundikana, na hewa ni mbichi hata saa saba mchana. Ua la urujuani la Usambara, ambalo Wajerumani walilichukua huku likapewa jina la kitaalamu mwaka 1893 na leo linapamba madirisha ya Ulaya, huota kwenye miamba yenye kivuli na unyevu wa namna hiyo. Mwamba ukishaanikwa juani, ua hilo hukauka.

Nanyi wa Ngamiani na Chumbageni kule Tanga mjini msidhani hayawahusu, kwani Mto Zigi unatoka milima hii na ndio unaojaza bwawa la Mabayani mnakopata maji yenu. Mteremko uliochubuliwa huachia maji na tope kwa pamoja wakati wa masika, halafu kiangazi hauna akiba ya kuupa mto.

Tangu mwaka 1997 Amani ni hifadhi ya mazingira asilia, lakini mama mwenye mzigo wa kuni anakamatwa huku malori ya mbao yakipita usiku. Tunataka mesopsisi ipunguzwe kidogo kidogo, maana ikikatwa yote kwa mkupuo tutafungua uwazi mwingine, na miche ya miti ya asili kama mitambara na misambu ipandwe kivulini. Na afisa yule, kabla ya kutamka tena kwamba msitu umejirudi, atueleze ni miti gani aliyoihesabu.