Tumbaku ya kiko: Early Morning Pipe au Squadron Leader kwa asiyetaka kali?

Mkwe_wa_Mbale
Salamu wadau. Binamu yangu anakuja kutoka Uingereza wiki ijayo, amekubali kubeba makopo mawili ya tumbaku ya kiko. Nataka ile ya mtindo wa Kiingereza, lakini nyepesi. Nimesoma mpaka macho yakauma, nimebaki na mbili: Early Morning Pipe (ya Dunhill zamani, siku hizi kopo limeandikwa Peterson) na Squadron Leader ya Samuel Gawith. Ipi bora? Anataka jibu kabla ya Ijumaa, na bei si mchezo, kila kopo linapita pauni 20. Asanteni.

Dunga_Jioni
Early Morning Pipe. Jina lenyewe limeshakujibu, ya asubuhi kabla ya chai. Funga mjadala.

Moshi_wa_Menengai
Mjadala haujafunguliwa hata, Dunga. Ndugu Mkwe, bora kwa nani? Umetutupia majina mawili ukatoroka. Unavuta tangu lini? Kiko chenyewe ni cha mti au cha gunzi? Umezoea nini, sigara, ugoro, au ndiyo mara ya kwanza? Na hiyo "nyepesi" yako, unataka isiyolevya au isiyonuka? Kuna tumbaku inanuka kama jiko la kuni na haina nguvu yoyote, na kuna nyingine inanuka vanila halafu inakuangusha chini.

Nesi_wa_Kondele
Niingilie kidogo. Nyepesi si salama. Hata usipovuta moshi hadi kifuani, mdomo, ulimi na koo vinakaa humo humo. Wagonjwa wa aina hiyo nimewahudumia. Haya, endeleeni.

Dunga_Jioni
Dada Nesi, kila uzi wa tumbaku lazima upite?

Nesi_wa_Kondele
Lazima. Na ule wa pombe pia nitapita.

Kijana_Section58
Kwani hii kitu si ilipigwa marufuku 2017? Mnanunua hadharani hivi?

Moshi_wa_Menengai
Hiyo ni shisha, kijana. Kiko hakikuguswa. Ila sheria ya tumbaku ya 2007 inakubana: hakuna kuvutia mahali pa umma, na aliye chini ya miaka 18 hauziwi. Kwa hivyo usije ukawasha kiko ndani ya matatu ya Nakuru–Kisumu ukasema Moshi alikuruhusu.

Tuendelee huku tukimngoja mwenye swali. Hizi zote mbili ni familia moja: Virginia, majani ya Oriental na Latakia. Virginia ndiyo yenye utamu na sukari. Oriental ni vijani vidogo vya upande wa Uturuki, vinaleta uchachu fulani kama ukwaju uliokaa. Latakia ndiyo yenyewe. Ilipata jina kwa bandari ya Syria, lakini siku hizi inayopatikana ni ya Kupro. Majani hutundikwa juu ya moto wa miti yenye harufu, moto usiowaka, moshi tu, mpaka yawe meusi. Waliokulia kwa Wakalenjin watanielewa nikisema ni sotet, kile kibuyu cha maziwa lala ya mursik, iliyosuguliwa mkaa wa mti wa senetwet. Wengine, fikirieni paa la jikoni kwa nyanya.

Early Morning Pipe nililifungua Aprili. Majani ni utepe mwembamba, kahawia, nyuzi nyeusi moja moja. Ile sotet ipo lakini kwa mbali, kama mtu amepita nayo mlangoni. Niliyaanika kwenye gazeti dakika ishirini, nikajaza kiko bila kushindilia sana. Robo ya kwanza ilikuwa mkate uliochomwa, tamu. Katikati uchachu ukaja na moshi nyuma yake. Mwishoni likabaki jivu la kijivu, kavu, hakuna maji ya kukoroma kwenye shina. Lawama yangu ni moja. Ukivuta kwa pupa inababua ulimi, kwa sababu Virginia ni nyingi na sukari huchoma.

Squadron Leader ilitoka kwenye kopo ikiwa mbichi kabisa. Niliibana vidoleni ikabaki imeshikana kama sukumawiki iliyokamuliwa. Gawith wa kule Kendal wanapenda kuuza maji. Nilianika zaidi ya saa nzima. Latakia ni nyingi zaidi, mdomo unajaa, kuna harufu ya ngozi ya viatu na samaki wa moshi, halafu ulimi haukuuma hata kidogo. Kwa ladha ni nzito kuliko Early Morning Pipe. Kwa nguvu, sikuona tofauti ya kukufanya ushike meza.

Omena_Kavu
Hapo kwa harufu msimpitishie juu juu. Mimi Latakia ilinifukuzisha nyumba.

Nilikuwa napanga ghorofa ya tatu hapa Kisumu. Rafiki aliniachia kopo la mchanganyiko wa Kiingereza, mzito kidogo kuliko hizo zenu. Jumamosi jioni nikakaa roshani, nikawasha, upepo wa ziwa unaingia taratibu, najiona waziri. Dakika kumi hazijaisha nasikia miguu kwenye ngazi. Mlinzi. Ananusa hewa kama mbwa wa polisi. "Bwana, kuna waya inaungua." Nikamwambia ni kiko. Hakuamini, maana kiko anachokijua yeye ni cha babu yake Seme, na kile hakinuki waya. Akashuka. Kufumba na kufumbua, giza. Amezima stima jengo zima, kwa usalama wetu.

Sasa Jumamosi hiyo kulikuwa na mpira. Wanaume walitoka nje na simu zimewashwa tochi, wanauliza ni nani. Mama wa ghorofa ya pili alikuwa na keki ya watu kwenye jiko la umeme. Mwenye nyumba akapigiwa, akaja na fundi, fundi akafungua boksi la mita, akapima, akaunganisha, akalipwa. Hakuna waya iliyoungua. Mlinzi akaninyooshea kidole: "Ni huyu na lile bomba." Nililipa fundi. Nililipa keki. Mwisho wa mwezi nikapewa notisi, imeandikwa "kuvuta vitu visivyojulikana".

Mpaka leo kopo liko kwa shangazi kijijini, limebaki nusu. Anasema linafukuza mbu.

Kijana_Section58
"Vitu visivyojulikana" 😂😂 Nimecheka mpaka mama ameuliza kuna nini.

Mama_Chela
Tuseme ukweli, huyo mlinzi alifanya kazi yake.

Mpakani_Malaba
Swali la maana hamjauliza. Kwa nini makopo mawili tu? Msafiri anaruhusiwa kuingia Afrika Mashariki na gramu 250 za tumbaku bila ushuru, sigara na ugoro vikihesabiwa humo humo. Kopo ni gramu 50. Binamu anaweza kubeba matano akiwa hana sigara zake. Mradi awe amefikisha miaka 18, na asijaribu kutuma kwa kifurushi. Kifurushi changu kilikaa Nairobi wiki tatu, ushuru na "gharama za kuhifadhi" zikapita bei ya tumbaku. Niliwaachia.

Mkwe_wa_Mbale
Samahanini, nilikuwa mazishini, hakukuwa na mtandao. Maswali ni mengi, nijibu kwa pamoja.

Si yangu. Mimi sivuti. Ni ya baba mkwe. Ni mwalimu mstaafu, ana miaka 74, anakaa karibu na Mbale. Amevuta kiko tangu kabla sijazaliwa. Hununua tumbaku ya msokoto sokoni, ile kama kamba, anakata kwa kisu cha kuchunia viazi. Kiko ni cha mti, shina limefungwa tepe nyeusi ya umeme. Kikohozi kimemzidi, mama mkwe amelalamika, mke wangu akasema tumtafutie iliyo nyepesi walau. Ndiyo maana.

Moshi_wa_Menengai
Sasa ndiyo unasema?! Nimeandika insha ya ukwaju na mkate bure!

Nesi_wa_Kondele
Kikohozi kimemzidi, miaka 74, na mnaulizana Early Morning. Mpeleke akapigwe picha ya kifua kwanza. Binamu atafika na ndege itarudi, hiyo haikimbii.

Mkwe_wa_Mbale
Dada, tumejaribu. Mzee alisema hospitali ndiko watu wanakokwenda kufia. Sikatai unachosema.

Kuria_Halisi
Mzee aliyezoea msokoto ukimpa Early Morning Pipe atakuuliza kama umemletea majani chai. Mimi nimekulia ndani ya tumbaku, nyumbani Kuria. Majani ya kwetu na yale ya Malakisi kule Bungoma, ukiyavuta bila kuchanganya, yanapiga kichwani. Latakia kwa nguvu ni mtoto. Harufu ndiyo inatisha watu. Kwa hivyo kwa huyo mzee Squadron Leader ina nafasi nzuri zaidi: moshi mzito wa kujaza mdomo, atahisi anavuta kitu, lakini makali yamepungua. Ile nyepesi sana ataivuta mara tatu kwa siku zaidi ya alivyozoea. Hapo umepunguza nini?

Dunga_Jioni
Hoja hiyo sikuifikiria. Lakini bado nasema Early Morning.

Moshi_wa_Menengai
Mimi nakubaliana na Kuria nusu. Squadron Leader, ila lazima mtu aianike kwa niaba yake. Mzee hatangoja saa nzima. Ataijaza mbichi, itazimika kila dakika, atamaliza kiberiti na kukulaumu wewe.

Mama_Chela
Kuria, bado mnalima?

Kuria_Halisi
Sisi tuliacha. Mzee wangu alilima miaka mingi kwa mkataba. Mbolea, mbegu, dawa, vyote wanakupa mwanzoni, halafu siku ya mauzo wanakata. Kuni za kukaushia ni zako, na kukesha kwenye tanuru ni kwako na watoto wako. Mimi niliwahi kulala humo nikiwa darasa la sita, asubuhi nakwenda shule kichwa kinazunguka, nikidhani ni usingizi. Kumbe ni yale majani mabichi niliyokuwa nikiyafunga kwa mikono mitupu. Yanaingia kwa ngozi. 2022 ukaja Migori mradi wa WHO, FAO na WFP wa kuwasaidia wakulima kuacha tumbaku, tukaingia kwenye maharagwe yale yenye madini mengi ya chuma. Pesa si miujiza, lakini maharagwe yakikosa mnunuzi unayala.

Nesi_wa_Kondele
Asante Kuria. Kuumwa huko ni kwa nikotini ya jani bichi, na watoto ndio huumia zaidi.

Omena_Kavu
Jamani, kuna jambo la mila hapa. Mkwe anampaje baba mkwe tumbaku mkononi? Kwetu ungepitishia kwa mtu.

Mkwe_wa_Mbale
Nitampa mke wangu ampe mama yake. Nimeshafikiria hilo.

Mama_Chela
Na mama mkwe ndiye anayelalamikia moshi. Mnampa mwenye malalamiko aupeleke moshi. Hongereni.

Dunga_Jioni
😂 Kesi imekwisha.

Kitale_Kaskazini
Nimechelewa. Kabla hamjagombania tumbaku, badilisheni kiko. Chenye shina la tepe ya umeme kinampa mzee ladha ya gundi, ataisingizia Squadron Leader. Vile vya gunzi ni rahisi na havihitaji kuzoeshwa. Kule Missouri, Marekani, kuna kiwanda kinavitengeneza tangu 1869. Mimi nikasema, Trans Nzoia yote ni mahindi, nitanunuaje gunzi kutoka ng'ambo? Nikachukua gunzi la mahindi yetu ya H614, nikalichimba kwa kisu, nikatia mwanzi, nikawasha. Likawaka. Siyo tumbaku, gunzi lenyewe, nikiwa nimelishika mdomoni.

Kijana_Section58
Masharubu?

Kitale_Kaskazini
Upande mmoja.

Moshi_wa_Menengai
Hao wa Missouri wana mahindi yao maalumu yenye gunzi nene, wanayaacha yakauke mwaka mmoja au miwili, halafu wanayapaka plasta ya Paris kwa nje kuziba matundu. Wewe ulitoa lako kwenye kapu la kuwashia jiko.

Kitale_Kaskazini
Plasta! Hiyo sikujua. Basi nina mengine kumi na mawili darini, ya msimu wa juzi.

Mkwe_wa_Mbale
Wadau, binamu ameandika. Anasema dukani Squadron Leader imeisha. Kuna Early Morning Pipe moja na nyingine inaitwa Nightcap. Alete hizo?

Moshi_wa_Menengai
NIGHTCAP HAPANA. Hiyo ina Perique, tumbaku kali ya Louisiana, ndani yake, ni katika zile nzito kabisa za familia ya Dunhill. Mimi niliivuta kabla ya chakula cha jioni, nikalala bila kula.

Kuria_Halisi
Lakini mzee wa msokoto ataipenda.

Nesi_wa_Kondele
Kuria!

Kuria_Halisi
Nimesema ataipenda, sijasema apewe.

Dunga_Jioni
Early Morning. Tangu jana nasema.

Kitale_Kaskazini
Plasta ya Paris inauzwa na nani huku kwetu? Duka la vifaa vya ujenzi au la dawa?

Mpakani_Malaba
Ujenzi. Uliza ile ya dari. Lakini chukua kidogo, wanauza kwa mfuko.