Kamelia imejaa matumba lakini haichanui: nimekosea wapi?

Mpanda Maua: Habari zenu, ndugu wanabustani. Miaka 3 iliyopita nilipanda kamelia aina ya sasankwa, ile inayochanua wakati miti mingine inapukutisha majani, karibu na ukuta wa mawe uliojengwa kwa chokaa. Kila mwaka hufunga matumba mengi, lakini yanapokaribia kufunguka hugeuka rangi ya kahawia na kudondoka. Mwaka huu majani nayo yamekuwa ya manjano, huku mishipa yake ikibaki kijani. Mbolea naiwekea, hata mwishoni mwa majira ya joto niliiongezea kidogo ili kuipa nguvu. Je, ni baridi inayoiua, au nimeipanda mahali pasipofaa?

Mkongwe wa Kitalu: Baridi usiisingizie. Majani ya manjano yenye mishipa ya kijani ni dalili ya kukosa madini ya chuma, na mara nyingi madini hayo yamo udongoni lakini mizizi haiwezi kuyafyonza kwa sababu ya chokaa. Kamelia ni ndugu wa mchai (ndiyo, huohuo tunaounywa), na kama ndugu yake hupenda udongo wenye tindikali, wa pH (kipimo cha tindikali: kikipanda, tindikali imepungua) kati ya 5.5 na 6.5. Ukuta wako umekuwa ukidondosha chokaa kila mvua inaponyesha. Pima udongo kwanza. Ikithibitika kwamba pH imepanda, changanya unga wa salfa kwenye tabaka la juu na uwe mvumilivu, kwa kuwa bakteria wa udongoni ndio wanaougeuza kuwa tindikali, na kazi hiyo huchukua miezi. Kama maji ya bomba lako huacha ukoko mweupe kwenye birika, mwagilia ya mvua. Tena ningeihamishia kivulini kabisa.

Shamba la Nyuma: Kuhusu chokaa nakubaliana na Mkongwe, ila kwa kivuli naomba nitofautiane naye. Ushauri huo unaifaa kamelia ya japonika, inayochanua baadaye katika majira ya baridi na kuendelea hadi majira ya kuchipua. Sasankwa, ambayo asili yake ni kusini mwa Japani, huvumilia jua kuliko dada yake, na ikiwekwa kwenye giza hutoa maua machache.

Kuhusu matumba, mimi ningechunguza maji kabla ya kitu kingine chochote. Matumba yanayofunguka sasa yalianza kuumbwa katikati ya majira ya joto, na mti ukipata kiu wiki zile hauonyeshi dalili yoyote. Hulipiza miezi kadhaa baadaye kwa kuyaangusha. Sehemu iliyo chini ya ukuta huwa kavu hata mvua ikinyesha. Ile mbolea ya mwishoni nayo iache, kwa sababu huweza kuchangia matumba kuanguka. Lisha kuanzia majira ya kuchipua na ukome katikati ya majira ya joto. Ukitaka kupogoa, fanya hivyo mara tu maua yanapokwisha, la sivyo utakata maua ya mwaka ujao.

Halafu fukua kidogo shinani utuambie donge la mizizi limezikwa kiasi gani.

Mpanda Maua: Nashukuruni sana. Nimefukua leo asubuhi na kukuta donge la mizizi limefunikwa na udongo wa kina cha vidole 4, pamoja na vipande vya chokaa vilivyobaki tangu ujenzi.

Shamba la Nyuma: Basi hapo mizizi ilikuwa haipumui, maana ya kamelia hutambaa karibu na uso wa ardhi. Subiri mwanzo wa majira ya kuchipua, kabla machipukizi hayajatoka, uing'oe na donge lake zima na kuipanda mbali na ukuta, sehemu ya juu ya donge ikiwa sawa na ardhi au juu yake kidogo. Tandaza majani yaliyooza au sindano za msonobari kwa unene wa sentimita 5 hivi, bila kugusa shina. Mwaka wa kwanza usitarajie maua mengi.

Mpanda Maua: Kuna tumba moja limefunguka upande wa mbali na ukuta, jeupe lenye kingo za waridi. Nitalipiga picha kabla petali hazijadondoka.